Nani Alituvusha Kwenye Kizuizi

Jumapili, 3 Septemba

Mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na wifi yako ambaye hakuinua macho kwenye sufuria, napenda kukutangazia rasmi kwamba tangu Alhamisi mimi ni Katibu wa Kamati ya Ngazi. Jengo letu lina ghorofa sita na ngazi moja, na ngazi hiyo sasa iko chini ya uongozi wangu. Uchaguzi ulikuwa huru na wa haki. Wagombea tulikuwa mmoja.

Sheria yangu ya kwanza inahusu viatu: visikae nje ya mlango. Ya pili bado naifikiria. Mzee wa ghorofa ya nne ameuliza kama Katibu analipwa. Nikamwambia ni kujitolea. Akanipa pole.

Tulikubaliana kuandikiana kwa sababu kwenye simu wewe unanikatia na mimi, kwa maneno yako, nahutubia. Basi naandika. Karatasi haina pa kukatia.

Sasa la pili. Mwezi ujao tunapiga kura, mimi na wewe kwa mara ya kwanza tangu tupewe uraia. Swali unalijua: wageni wanaopokelewa kila mwaka wapunguzwe, au waendelee kama zamani. Mimi nitasema wapunguzwe. Nakwambia mapema usije ukalisikia kwa watu, maana watu wa kwetu hapa wana midomo.

Kazi yangu unaijua. Kila lifti ninayoitengeneza ina kibao ndani: watu wanane. Akiingia wa tisa si kwamba ni mtu mbaya. Ni wa tisa tu. Lifti inalia, mlango haufungi, na wote tisa mnabaki chini mnatazamana.

Na usiniambie nimesahau tulikotoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wewe ulikuwa unalilia mdoli. Nakikumbuka kile kizuizi. Nguzo imelazwa barabarani, watu wa lori la mbele wameshushwa na kupelekwa nyuma ya kibanda, na hakuna aliyerudi kutoka nyuma ya kibanda. Zamu yetu ikafika. Baba akavua kofia, akasimama wima, akatoa karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, akasema, "Ndiyo, afande." Nguzo ikainuliwa. Hakupaza sauti hata kidogo. Utaratibu ndio uliotuvusha, mdogo wangu, na ndiyo maana leo uko hai unafua mashuka ya hospitali.

Mama Mdogo anakusalimia kutoka kambini. Faili lake bado liko mezani kwa watu. Ndiye aliyetulea baada ya mama kufariki, lakini kwa lugha ya ofisi mama mdogo si mama, ni "jamaa", na jamaa ana foleni yake. Atafika.

Kaka yako,
Katibu (Ngazi)


Jumapili, 10 Septemba

Mheshimiwa Katibu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, wenzangu wa kufulia wakazima mashine wasikie. Ya ngazi wameifurahia. Ya kura, mashine ziliwashwa tena.

Ulivyoieleza hiyo lifti ni kama vile ulizaliwa ndani yake. Kaka, tulipokuja sisi ilikuwa imeshajaa. Wa tisa ulikuwa wewe, na wa kumi mimi, na baba na kikohozi chake alikuwa wa kumi na moja. Ilipanda.

Tena nilikuwa na miaka minane, na ule haukuwa mdoli, ulikuwa mto wa kulalia. Nakumbuka vizuri. Baba alisimama wima, ndiyo, kama nguzo ya umeme, na askari akamtazama kama unavyoitazama nguzo ya umeme. Hakuna kilichoinuka. Aliyetuvusha ni Mama Mdogo. Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nayasikia mpaka leo maneno yenyewe: "Wewe, huna macho?" Mtu mwenye bunduki anaulizwa kama hana macho, mbele ya mwenzake. Akaona haya, akatupisha. Tangu siku ile najua kwamba wale hawaogopi karatasi, karatasi wanawashia moto. Wanachoogopa ni mtu asiyenyamaza.

Nawakumbuka na watoto wa fundi seremala, lori la nyuma yetu. Tulikuwa tunapungiana mikono. Hawakuwa na mtu wa kupiga kelele.

Ndiyo maana niko kwenye chama cha wafanyakazi, na ndiyo maana Jumamosi niliandamana. Bango tulilishika wawili, mimi upande huu na Mwenyekiti wetu upande ule. Yeye mrefu, mimi unanijua, kwa hiyo maneno yote yalikuwa yanateremka kwangu. Lakini yalisomeka.

Niseme wazi ili baadaye usidai sikusema. Mlango unaotaka kuufunga, Mama Mdogo yuko nje yake.

Msalimie wifi. Mwambie namwonea huruma kuishi na serikali.

Mdogo wako,
wa Kufulia


Jumapili, 17 Septemba

Mdogo wangu,

Wifi yako amecheka mpaka akakaa chini. Nimeliandika hilo kwenye kumbukumbu za Kamati.

Nimeuliza kuhusu Mama Mdogo, sikai tu. Upande wa "wapunguzwe" ukishinda, sheria mpya itaanza Januari. Mafaili yatakayokuwa yamekamilika kabla ya mwaka kwisha yataendelea kama kawaida. Lake linasubiri kukamilishwa. Kwa hiyo mlango ninaoufunga mimi na mlango anaosubiri yeye ni milango miwili. Ungeuliza kwanza ndipo ubebe bango.

Nikueleze kisa cha hapa. Ghorofa ya tatu wamehamia watu wapya. Wametoka kwenye vita vingine, si vyetu, na mimi vita ninavyovielewa ni vyetu tu. Wameacha kigari cha mtoto kwenye ngazi, upande wa kupitia. Nikapanda kama Katibu. Nikagonga. Mwanamume akafungua mlango nusu, ameukinga kwa mguu. Mguu ule niliujua. Mwaka wetu wa kwanza hapa mimi nilikuwa nafungua hivyo hivyo, hata kwa mtu wa mita.

Nikasema, "Habari za leo. Ni kuhusu kigari."

Akasema, "Karatasi?"

"Hapana, kigari."

Akaingia ndani. Akarudi na mfuko wa plastiki, akanikabidhi karatasi zake zote kwa mikono miwili: za kwake, za mkewe, za mtoto, mpaka ya chanjo. Mkewe amesimama nyuma yake, kambeba mtoto, hapumui.

Sasa nifanyeje? Nikazishika. Kumrudishia bila kuzitazama nikaona ni kumtisha zaidi. Nikazipitia moja moja, ya chanjo nikaisoma pande zote mbili, kisha nikamrudishia nikasema, "Ziko sawa." Akanishukuru sana. Mkewe akapumua.

Kigari bado kiko kwenye ngazi. Nimeshindwa kurudi.

Wifi yako siku hizi nikiingia ananiuliza, "Afande, umerudi?"

Unaona lakini? Mtu yule alijua la kufanya. Alikuwa na karatasi, nami sikuwa na la kumfanya.

Kaka yako


Jumapili, 1 Oktoba

Kaka,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na majibu matatu na yote hayafai kuandikiwa mkubwa wangu. Hili ni la nne.

Mtu amekimbia mwendo wote ule, amefika, amegongewa mlango wake mwenyewe, na aliyesimama nje ni wewe unamkagua. Na unaniandikia kama ni ushindi. Ulitoka kwenye kizuizi, kaka, ukaenda ukakiweka ghorofa ya tatu.

Samahani kwa hilo. Lakini silifuti.

Hatutaelewana kwa sababu kila tukianza tunaishia palepale barabarani, wewe na baba, mimi na Mama Mdogo. Basi nimemwandikia mwenyewe. Kuna mwuguzi wa hapa anakwenda kufanya kazi kambini, amekubali kuibeba barua. Nimemwuliza Mama Mdogo swali moja tu: nani alituvusha? Yeye alikuwepo, tena mtu mzima. Atuamue.

Jumapili ijayo ni kura. Nitakwenda asubuhi na koti la chama, waone tunatokea wapi.

Mdogo wako


Jumatatu, 9 Oktoba

Mdogo wangu,

Matokeo umeyasikia. Upande wa "wapunguzwe" umeshinda, kwa tofauti ndogo.

Sikuandikii kutamba. Nilifika kabla hawajafungua, nikaweka jiwe langu mlangoni kushika nafasi, kama tulivyokuwa tunafanya kambini kwenye bomba, nikarudi nyumbani kunywa chai. Niliporudi mfagizi alikuwa ameshalitupa, na foleni yenyewe haikuwepo. Watu wa hapa wanaingia tu, mmoja mmoja, kama wanakwenda kununua mkate. Nilipiga kura yangu vizuri, kwa mwandiko mzuri. Nilivyopiga ni siri. Ndivyo sheria ilivyo na mimi ni mtu wa sheria.

Wewe ulikwenda saa ngapi? Wifi yako anauliza kama koti lilionekana.

Kaka yako


Jumapili, 15 Oktoba

Kaka,

Hongera kwa ushindi wako.

Nilitoka asubuhi, na koti. Kituo chetu kilikuwa shule ya msingi, ile yenye uzio wa kijani. Mlangoni palikuwa na mlinzi. Si askari, ni mlinzi tu wa kampuni, kijana, angeweza kuwa mwanangu ningeanza mapema. Mkanda mpana, buti. Pembeni yake nguzo ya kuzuia magari, imepakwa nyekundu na nyeupe, imelazwa. Akaninyooshea mkono mmoja, mwingine kaushika mkanda, akasema kwa adabu kabisa, "Kitambulisho, dada."

Kwenye mkoba kilikuwepo. Nilikuwa nimekigusa mara kadhaa njiani.

Nikakumbuka kwamba nimeacha nguo kwenye mashine nyumbani.

Mwenyekiti ameniuliza na yeye nilikwenda saa ngapi. Nimemwambia mapema.

Mdogo wako


Jumapili, 22 Oktoba

Mdogo wangu,

Mashine ya kufulia nyumbani huna. Uliniambia mwenyewe unafua za kwako kazini, baada ya zamu. Sitauliza zaidi.

Kuna jambo kubwa kuliko kura. Nimeitwa kwenye ofisi ya wahamiaji kuhusu faili la Mama Mdogo. Nilivaa suti. Mama mmoja mpole, ana maua mezani, akanifungulia kila kitu. Faili halikucheleweshwa na foleni, wala siasa, wala mimi. Limekwama tangu tulipomdhamini. Unakumbuka tuliandika maelezo, kila mmoja peke yake, jinsi tulivyokimbia? Yangu yanasema askari alikagua karatasi za baba akaturuhusu. Yako yanasema Mama Mdogo alimfokea askari akatuogopa. Yake mwenyewe, aliyohojiwa kambini, yana neno moja mahali hapo: "walipita".

Yule mama akazipanga karatasi zote tatu mbele yangu kama karata. Akasema, "Naomba usinielewe vibaya. Tunajiuliza kama mlikuwa kwenye kizuizi kimoja." Halafu akasema, kwa upole zaidi, "Tunajiuliza kama ninyi ni ndugu."

Nikamwambia atusikilize siku moja tukiongea kwenye simu, atajua.

Hakucheka. Ametupa nafasi moja. Kila mmoja atume maelezo mapya kabla Novemba haijaisha. Yakioana, faili linakamilika na anaingia kwa sheria ya zamani. Yasipooana, linafungwa, na Januari hakuna jipya litakalofunguliwa kwa "jamaa".

Kwa hiyo nakuomba kama mkubwa wako: andika karatasi. Karatasi ni kitu ambacho ofisi yoyote inakielewa.

Kaka yako


Jumapili, 29 Oktoba

Kaka,

Unataka nimfute Mama Mdogo ili apate kuja. Aje kama nani? Yule aliyesimama kimya nyuma ya shemeji yake? Hajawahi kusimama kimya nyuma ya mtu.

Miaka yote hii mimi nikiogopa najishikilia kwa sauti yake. Kiwandani nilikokuwa nafanya kazi kwanza, siku msimamizi alipotufungia mlango tusitoke mapumziko, nilisimama nikamwuliza, "Wewe, huna macho?" Hakujua nimeyatoa wapi. Akafungua. Ukiniondolea hilo sijui nitabaki na nini. Shuleni kwenye uzio wa kijani umeshaona nikibaki mwenyewe ninakuwaje.

Andika wewe kelele. Wewe una ngazi, una lifti, una wifi. Baba hatakuwa mdogo kwa ajili ya sentensi moja.

Mama Mdogo bado hajanijibu.

Mdogo wako


Jumapili, 19 Novemba

Mdogo wangu,

Nimekaa wiki tatu bila kukuandikia. Nilikuwa nasubiri uandike wewe.

Jana nimetuma maelezo. Nimeandika kwamba baba alisimama tu, na Mama Mdogo alipiga kelele, na askari akaona haya. Nimeyaweka na maneno yako yale ya macho. Nilipomaliza nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Yule jirani wa ghorofa ya tatu akanikuta, akaketi ngazi ya chini yangu. Kigari kilikuwa katikati yetu.

Ili tumalizane na lile la kura pia: yangu haikuhesabiwa. Niliweka alama, kisha nikaandika nyuma jina langu na namba ya kitambulisho, kama karatasi yoyote ya kambini, maana isiyo na jina ilikuwa inapotea. Wifi yako ndiye aliyenieleza kwamba hapa yenye jina ndiyo inayotupwa. Kwa hiyo ule ugomvi wetu wa Septemba yote haukufika kwenye sanduku, si wako wala wangu.

Usibadilishe kitu kwako. Acha kelele kama ilivyokuwa. Sasa tunaoana.

Kaka yako


Jumapili, 19 Novemba

Kaka yangu,

Usinijibu kwa kunihutubia. Nimetuma maelezo Ijumaa. Nimeandika karatasi. Baba, kofia, mfuko wa plastiki, "Ndiyo, afande", kila kitu kama ulivyoniandikia, neno kwa neno, barua yako nilikuwa nayo mezani. Mama Mdogo nimemwandika kwamba alikuwepo.

Nilifikiri itauma zaidi. Nilipoandika kofia nikamwona baba mzima mzima, mpaka jasho lililoacha alama kwenye ukingo wake. Nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu. Nilikuwa namtazama Mama Mdogo tu.

Aje. Tutamfanyia kelele zote akifika.

Yako yaache yalivyo. Wewe huhitaji kugusa kitu.

Mdogo wako


Jumamosi, 2 Desemba

Wanangu wawili,

Hamjambo. Mimi sijambo, miguu tu. Barua ya kunifanya hakimu ilinifikia ikiwa imelowa, yule mwuguzi alianguka nayo mtoni, lakini swali lilisomeka. Nakala ya jibu hili nampa kila mmoja wenu asije mmoja akasema hajaiona.

Jumanne niliitwa ofisini. Kuna kijana mpya, ana miwani, ana subira. Akaweka karatasi mezani, za zamani na mpya, zote zimekuja kwa mashine kutoka huko kwenu. Akasema, "Mama, kwanza wa kiume alisema karatasi na wa kike akasema kelele. Sasa wa kiume anasema kelele na wa kike anasema karatasi. Hawa wana nini?"

Nikamwambia, "Ndivyo walivyo. Ukiwapa ndizi mbili watagombania maganda. Halafu kila mmoja atampa mwenzake ganda lake, na hapo watagombana upya."

Akavua miwani, akaifuta. Akasema huo ndio ushahidi wa kwanza alioupata kwamba ni ndugu.

Kisha akaniuliza mimi. Nimemwambia yeye, na sasa nawaambia ninyi, maana nilidhani mnajua.

Kelele nilipiga. Nilimpigia baba yenu. Alikuwa amesimama wima, kweli, lakini alikuwa amesimama juu ya mguu wangu, na kiatu changu kilikuwa wazi. "Wewe, huna macho?" nilimwambia yeye. Na karatasi alizotoa zilikuwa za cherehani, zile za dukani siku tuliyoinunua. Vitambulisho vilibaki nyumbani kwenye droo ya cherehani hiyohiyo. Alivichanganya kwa haraka. Aliligundua hilo jioni, akanikataza nisiwaambie mpaka mkue. Mmekua.

Yule askari hakumtazama baba yenu wala mimi. Alikuwa anatazama nyuma, kwenye kibanda. Mpishi wao alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko, anapiga ukelele kwamba chakula kinapoa na hataki lawama. Walikuwa wawili tu pale barabarani, na wa kubaki kutulinda asingekuta kitu sufuriani. Wakatazamana. Wakainua nguzo, wakatupungia tupite, wakaenda kula.

Haya niliyasema tangu mwanzo kwa mwandishi wa kwanza. Akaona hayana maana, akaandika "walipita". Huyu ameyaandika yote, mpaka mwiko. Akasema mtu anayetunga huwa hatungi hivyo. Amegonga muhuri mbele yangu, faili limekamilika, nasubiri tarehe ya daktari. Kwa hiyo nakuja. Huyo wa ngazi aniambie kama ni nyingi, na huyo wa mashuka aniwekee koti.

Wenu,
Mama Mdogo

Nimesahau. Kijana aliniuliza pia kuhusu lile lori la nyuma yetu, la fundi seremala na wanawe. Nikamwambia. Lilifika wakiwa wameshakula.